Oili ya giaboksi: kabla hujamwachia fundi funguo

Hapa Moshi kuna imani iliyokaa vichwani mwa wenye magari kwamba giaboksi ya otomatiki haiguswi. Oili ya injini tunabadilisha bila kubishana, na kadi ya sevisi inaning'inia kwenye injini kuonyesha kilomita za sevisi ijayo. Ila muulize mwenye gari oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, atakushangaa. "Dada, si inatembea vizuri? Ya nini kuichokoza?" Nimeambiwa hivyo na madereva wa teksi, na majirani, na hata na mafundi wanaolala chini ya magari kila siku. Siikubali imani hiyo hata kidogo, na nitaeleza kwa nini. Ila kinachonisukuma kuandika ni swali linalofuata ukishakubali kwamba oili hiyo inabadilishwa: ufanye mwenyewe nyumbani, au ulipe gereji?

Wamarekani wakijadili jambo hili, hesabu yao ni ya pesa. Kwao saa moja ya fundi ni ghali, kwa hiyo anayelala chini ya gari lake Jumamosi asubuhi anaokoa fedha ya kueleweka. Ilete hesabu hiyo mitaa yetu ya Moshi, Pasua au Majengo, uone inavyogoma. Kwetu mkono wa fundi ni rahisi, oili ndiyo ghali. Ukifanya mwenyewe unaokoa ile hela ndogo ya ufundi, na chupa za oili unazilipia vilevile. Kama shida yako ni kubana matumizi tu, mpe fundi kazi, ukapumzike.

Mimi nafanya mwenyewe kwa sababu nataka kujua kilichoingia. Nikimwaga kwa mkono wangu najua imetoka kiasi gani, ina rangi gani, inanuka nini. Nikijaza najua ni oili ya aina gani, imetoka kwenye chupa iliyokuwa na lakiri. Kwa giaboksi ya otomatiki, hayo ndiyo yanayoamua kama itaishi au itakufa.

Oili hii kazi yake si kulainisha peke yake. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini ndani ya konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi, na kuipeleka mbele, ndiyo inayopoza, ndiyo inayosafiri kwenye njia nyembamba za valvu bodi, yaani kipande chenye valvu za giaboksi, kuamua gia gani iingie. Humo ndani hakuna klachi ya kukanyaga, lakini zimo klachi zilizopangwa pleti juu ya pleti, na kinachozibana ni shinikizo la oili hiyohiyo. Kwa hiyo tunaitaka oili iteleze kwenye beringi, na wakati huohuo iiache klachi ishike kwa kipimo maalumu. Ikiteleza mno gia inachelewa na pleti zinaungua. Isipoteleza vya kutosha gia inaingia kwa kishindo. Kipimo hicho kinatoka kwenye kemikali zinazochanganywa humo, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Zamani Wamarekani walikuwa wakitia mafuta ya nyangumi kwenye oili za giaboksi kwa kazi hii, mpaka sheria za kulinda nyangumi za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipowalazimisha kutafuta kemikali mbadala. Si jambo dogo wala la kubahatisha.

Ndiyo maana nasikitika nikiona dumu la haidroliki ya kupima. Mnalijua. Oili nyekundu, haina jina, inapimwa kwa chupa ya maji na kumwagwa kwenye gari lolote linaloingia. Wekundu ule ni rangi tu, umetiwa ili mtu aitofautishe na oili ya injini, haukwambii chochote kuhusu kilichomo. T-IV, oili mojawapo ya giaboksi za Toyota, ni nyekundu. WS ya Toyota ni nyekundu, nayo ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota yenyewe haitaki moja iingizwe mahali pa nyingine. Oili ya usukani ya magari mengi ni nyekundu pia. Ukizimimina zote kwenye beseni moja, jicho halitakusaidia.

Mama mdogo wangu alipoteza giaboksi kwa njia hii. Gari lake ni la CVT, yaani halina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili. CVT inahitaji oili yake, kwa sababu pale chuma kinashika chuma, na oili ndiyo inayokifanya kishike bila kulana. Alipeleka gari gereji kwa jambo jingine kabisa, fundi akaona kiwango kimepungua, akaongeza haidroliki bila kumuuliza. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa: otomatiki ni otomatiki. Gari likaanza kulia likipanda, halafu likawa linavuma bila kwenda, mwisho likavutwa kwa kamba kutoka njia ya Uru. Akanunua giaboksi nyingine iliyotumika. Bei yake ingetosha kubadilisha oili sahihi miaka na miaka.

Basi kazi ya kwanza, hata kabla ya kugusa spana, ni kujua gari lako linakula nini. Vuta stiki ya kupimia oili ya giaboksi, uifute, uisome. Toyota nyingi zimeandikwa palepale kwenye chuma: T-IV au WS. Kama gari halina stiki, tafuta kibati chenye namba ya chasisi, kwa kawaida kipo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Pameandikwa namba ya giaboksi pia. Kwa Toyota, namba inayoanza na U au A ni otomatiki ya gia, mfano U340E iliyomo kwenye IST nyingi za umbo la kwanza na Vitz nyingi. Inayoanza na K, kama K310, ni CVT, na hiyo inataka oili ya CVT, TC au FE kutegemea mwaka. Nissan wana zao, NS-2 na NS-3. Usikubali kuambiwa "zote sawa". Usikubali kabisa.

Sasa twende chini ya gari.

Gari lenye giaboksi ya U340E, ukifungua nati ya kumwagia, hutoka oili kama lita tatu. Giaboksi nzima inabeba zaidi ya lita sita. Zilizobaki zimejificha kwenye konveta na kwenye mabomba ya kupozea yanayopita kwenye rejeta, nazo hazitoki kwa kufungua nati. Hivyo ukimwaga mara moja umebadilisha chini ya nusu. Ukiendesha gari siku chache ukamwaga tena, unafika karibu asilimia 70 ya oili mpya. Mara ya tatu unapita 80. Gereji nyingine zina mashine inayofungwa kwenye mabomba ya rejeta na kusukuma oili yote ya zamani itoke kwa mkupuo. Kwa giaboksi ambayo haijaguswa tangu itoke Japani siipendi njia hiyo. Napendelea kumwaga kidogokidogo, giaboksi ikizoea na mimi nikitazama kinachotoka. Inakula oili zaidi, ni kweli, kwa sababu unamwaga hata mpya uliyoweka juzi.

Naegesha kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Hili watu wa milimani tulizingatie, maana viwanja vya Kibosho na Uru vina mteremko, na gari lililoinama litakudanganya kipimo. Nalipasha moto kidogo, si sana, oili ya moto inaunguza ngozi. Nainua mbele kwa jeki, kisha naliketisha juu ya stendi za chuma pande zote mbili na kuyawekea kabari matairi ya nyuma. Jeki peke yake ni ya kubadilishia tairi. Tofali la saruji linapasuka bila kutoa taarifa. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na tofali anacheza na roho yake, na nimeona gereji zenye majina makubwa mjini zikifanya hivyo.

Nati ya kumwagia ya giaboksi kwenye Toyota nyingi ndogo inafunguliwa kwa alenki, ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya nati, namba 10. Ya injini ni ya kichwa cha nje cha kawaida. Hakikisha umeshika yenyewe. Wapo waliomwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaongeza lita nne za oili mpya kwenye injini iliyokuwa imejaa, na gari likatoka getini likiwa na makosa mawili.

Oili ikishatoka naimimina kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu, nazipanga ukutani, naacha zipoe. Zikijaa mbili, ni lita tatu. Napenda sana hatua hii. Chupa zinaonyesha kiasi bila ubishi, na ukiziinua juani zinaonyesha hali. Oili nzuri ya T-IV inapitisha mwanga, nyekundu ya kung'aa. Iliyozeeka inakuwa ya kahawia, halafu kahawia ya giza. Naweka tone kwenye karatasi nyeupe, nalisugua kwa kidole. Kama kuna unga laini wa kijivu kidogo, ni kuchakaa kwa kawaida, na ukifungua sampo, ile bakuli ya oili chini ya giaboksi, utaukuta umeng'ang'ania kwenye sumaku zilizomo. Ukikuta chembe zinazokwaruza, au vipande vyeusi vya pleti, au harufu ya kuungua inayokaa puani, hapo tatizo limeshavuka oili.

Kuzipoza ni lazima kwa sababu oili ya moto imetanuka. Ukipima iliyotoka ikiwa moto, ukaweka mpya ya baridi kwa kipimo kilekile, unaweza kuzidisha. Na kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza. Ikizidi, gia zinaipiga ndani hadi inatoa povu, na povu halibani klachi. Ikipungua, pampu inavuta hewa.

Kujaza ni kupitia tundu la stiki, kwa faneli yenye mpira mwembamba. Hapa usafi ndio ufundi wenyewe. Kiangazi vumbi letu linaingia kila mahali, kwa hiyo sifungui chupa mpaka faneli iwe tayari, na stiki naifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Uzi mmoja wa tambara unatosha kukwama kwenye valvu. Kama unafungua sampo kusafisha na kubadilisha filta, bolti zake ni ndogo na zimefungwa kwenye aluminiamu, hazitaki nguvu ya mabega. Silikoni ipakwe nyembamba. Inayozidi inaminyikia ndani, inakatika, na safari yake inaishia kwenye filta.

Baada ya hapo nawasha, nakanyaga breki, napitisha gia polepole kutoka P hadi L na kurudi P, kila mahali nasubiri kidogo. Kisha naenda nalo Bomang'ombe na kurudi ili lipate moto wa kazi. Nikifika napima injini ikiwa inaunguruma, upande wa HOT wa stiki. Upande wa COOL ni wa kukukadiria tu unapojaza, usiufanye hukumu.

Zile chupa za oili chafu hazimwagwi. Najua inapakwa kwenye nguzo kufukuza mchwa, najua inamwagwa uani kutuliza vumbi. Huku kwetu maji yanashuka kwa mifongo, ile mifereji yetu ya asili, kutoka mlimani, yanapita shamba la mmoja hadi la mwingine, na anayemwaga oili juu anamnywesha aliye chini. Napeleka gereji inayokusanya kwenye pipa. Kama hujui pa kuipeleka, basi hiyo ni sababu tosha ya kwenda kufanyia kazi nzima gereji.

Nilisema nitairudia ile imani. Haikutoka hewani. Kweli wapo waliobadilisha oili Jumatatu na giaboksi ikafa Ijumaa. Lakini waulize walikwenda kubadilisha kwa nini. Wengi walikwenda kwa sababu gia ilikuwa imeanza kuteleza. Pleti zilikuwa zimekwisha, unga wake unaelea kwenye oili nyeusi, labda ukisaidia kidogo kushika, kisha ikaja oili mpya safi, ikaondoa hata ule msaada wa mwisho. Lawama ikaangukia oili. Kwa hiyo kama gari lako tayari linateleza na oili inanuka moto, usitafute muujiza kwenye chupa, nenda kwa fundi wa giaboksi akupe ukweli. Kama linatembea vizuri, huo ndio wakati wa kubadilisha.

Wapo pia wanaosema kiwanda kimeandika oili ni ya maisha yote. Maisha yapi? ZF ya Ujerumani, ambao giaboksi zao zimo kwenye BMW na Land Rover nyingi za kisasa, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. Hao ndio wanaozitengeneza. Gari nyingi zinafika kwetu kutoka Japani zikiwa zimeshatembea kilomita zinazokaribia hizo, kisha tunazianzishia maisha ya pili yaliyo magumu kuliko ya kwanza.

Kinachoiua oili ni joto. Kanuni ya jumla ya wataalamu wa vilainishi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa oili unapungua kwa karibu nusu. Fikiria Desemba. Gari limetoka Dar es Salaam alfajiri, watu watano, mizigo juu na ndani, limepita Segera, Mombo na Same kwenye jua kali, na mwisho wa safari, likiwa limechoka, ndipo linaanza kupanda Marangu, Machame au Kibosho. Konveta inateleza muda wote wa kupanda kwa mwendo mdogo, na mteleze huo wote unageuka joto linaloingia kwenye oili. Viwanda vinaiita kazi nzito. Sisi tunaiita kwenda nyumbani. Kwa gari linaloishi Moshi na kupanda milima kila wiki, mimi sivuki kilomita 40,000 bila kumwaga.

Kuna magari nisiyoyagusa. Yale yasiyo na stiki, pamoja na CVT nyingi, kiwango chake kinapimwa kwa joto: unafungua kinati cha chini, oili inachuruzika ikiwa imezidi, na unafunga inapobaki ya kudondoka tone kwa tone, oili ikiwa kwenye joto maalumu ambalo kwa Toyota nyingi liko jirani na nyuzi 40. Gari liwe limesimama sawasawa kwa magurudumu yote, injini inawaka, na joto linasomwa na mashine inayounganishwa na kompyuta ya gari. Uani kwangu sina uwezo huo, na kubahatisha hapo sithubutu. Hapa gereji inastahili malipo yake yote. Lifti au shimo la sakafu iliyonyooka, mashine ya kusoma joto, na fundi aliyezoea: hivyo ndivyo vitu unavyolipia, na ni halali yake.

Hata hivyo, kwenda gereji si kumwachia mtu funguo ukaenda sokoni. Oili nunua mwenyewe, duka unaloliamini, chupa zenye lakiri, nenda nazo mkononi. Mwambie fundi kwa heshima: "Kaka, naomba iliyotoka tuipime kabla ya kuweka mpya." Muulize atapima kiwango kwa njia gani na katika joto gani. Fundi anayeijua kazi hakasiriki kwa maswali hayo, mara nyingi anafurahi kukuta mteja anayejali, na atakuonyesha mwenyewe kinachochuruzika. Anayejibu "Dada, nenda tu, utakuta tayari" mshukuru, chukua gari lako. Gari la kaka yangu, lenye CVT, tunalipeleka Arusha, kilomita 80, ingawa gereji za karibu zipo, kwa sababu fundi wa kule anatuachia tukae palepale pembeni ya lifti tukiangalia.

Ukilirudisha nyumbani, kesho yake asubuhi angalia sakafuni kama pana tone. Kama gari lina stiki, pima tena. Kisha andika kwenye karatasi ya gundi na kuibandika ndani ya boneti: tarehe, kilomita, aina ya oili, lita ngapi. Fundi wa Same utakayekutana naye usiku, safarini, wewe umechoka na watoto wamelala kiti cha nyuma, atakuwa na pa kuanzia, na hatakuwa na sababu ya kukufungulia dumu jekundu.